Mafuta hutolewa na mafuta: historia ya krimu yenye iliokoa macho yangu

Leo siongei juu ya muhogo wala bei ya mbegu. Naongea juu ya macho yangu. Wanaume, msikimbie, hata ninyi kuna kitu chenu humu ndani.

Mdogo wangu alipoolewa hapa Bukavu, fundi wa makiyaje alinipaka ile maskara haisikii maji. Nililia kanisani, nikacheza mpaka usiku wa manane, haikutoka hata kidogo. Kurudi nyumbani nikachukua kipande cha sabuni ya kufulia, nikaanza kusugua. Nikasugua, nikasugua. Asubuhi kope zilikuwa zimevimba, macho mekundu sawa mtu aliyelala kwenye kasiksi. Na maskara? Bado iko pale! Tena kesho yake, siku ya Jumatatu, nilikuwa na mahojiano ya kazi.

Jirani yetu mmoja, yaya mwenye anafanya saluni, akaniona akashika kichwa. «Mdogo wangu, unajichuna ngozi bure. Weka maji mbali kwanza.» Akaleta krimu nyeupe, nzito. Akaniambia nifunge macho, akaipaka juu ya kope kavu, tukangoja karibu dakika moja. Halafu akapangusa polepole kwa kitambaa laini, kutoka juu kwenda chini. Kitambaa kikawa cheusi sawa makala. Nikamalizia na maji ya vuguvugu. Basi, ikaisha.

Lakini macho hayakupona kwa siku moja. Jumatatu wakaniuliza kama niko mgonjwa. Ile kazi sikuipata. Sisemi ni juu ya macho tu, lakini najua namna gani niliingia mle ndani: nikiinamisha kichwa.

Kitu chenye kiliniuma zaidi ni hiki: memwari yangu ya lisanse ilikuwa juu ya mafuta ya mawese. Nilijifunza miaka mingi kwamba mafuta na maji havipatani, na kwamba mafuta huyeyuka ndani ya mafuta. Ile maskara imejaa nta na vitu vyenye vinafukuza maji. Sabuni inaweza kuitoa kwa nguvu, lakini sabuni ya kawaida ina ukali wa alkali, kipimo cha pH karibu 9 au 10, wakati machozi yetu yako karibu na 7,4. Elimu ilikuwa ndani ya daftari, mkono haukuipata. Nikaamua kutafuta hii krimu imetoka wapi.

Imetoka mbali. Wamisri wa kale walijipaka wanja mweusi wa madini ya risasi kwenye macho, na walikuwa na mafuta ya kujisafisha. Katika karne ya 2, Galen, daktari mzaliwa wa Pergamon aliyetibu wapiganaji wa uwanjani na baadaye mfalme Marcus Aurelius kule Roma, anahesabiwa kuwa baba wa krimu hii. Namna yake ni rahisi: nta ya nyuki inayeyushwa ndani ya mafuta yenye harufu ya waridi, halafu maji yanaingizwa kidogo kidogo huku unakoroga. Ukijipaka, yale maji yanakauka na ngozi inasikia baridi. Ndiyo maana Wazungu waliiita krimu ya baridi. Wafamasia wa Kifaransa wanaijua mpaka leo kwa jina la «cérat de Galien».

Ubaya wake: mafuta ya mimea yanaoza, yanaanza kunuka. Kufikia mwisho wa karne ya 19 watengenezaji waliyaacha, wakatia mafuta ya petroli yaliyosafishwa, pamoja na boraksi yenye inafunganisha nta na maji. Sasa krimu ikakaa miezi mingi bila kuharibika. Waigizaji wa tiyatri waliipenda sana, juu rangi zao za jukwaani zilikuwa za mafuta. Baadaye, miaka ya 1930, Helene Winterstein-Kambersky alitengeneza kule Vienna maskara ya kushinda maji. Kwa ile maskara, maji peke yake hayakutosha tena. Lakini dawa yake ilikuwa inajulikana tangu Galen.

Sasa sisi Wakongo tunaingia wapi? Mwaka 1911, William Lever, mfanyabiashara wa sabuni kutoka Uingereza, alifanya mapatano na serikali ya Ubelgiji, akapata haki juu ya maeneo makubwa sana ya michikichi kwetu. Ndiyo ilizaliwa Huileries du Congo Belge. Kando ya mto Kwilu mji ukaitwa Leverville, leo ni Lusanga. Watu wetu walilazimishwa kukata ngazi. Mwaka 1931 bei ya ngazi ilianguka lakini kodi ikabaki. Wapende wakaasi, na mamia wakauawa. Wakati huo kampuni ya Lever ilikuwa imeungana na Waholanzi wa majarini, ikawa Unilever. Na mwaka 1987 Unilever ikanunua Chesebrough-Pond's, kampuni yenye kopo lake la krimu ya baridi linajulikana dunia nzima.

Niliposoma hapo nilinyamaza. Mafuta ya babu zetu yalienda kuwa sabuni, na kampuni ileile ikawa pia na krimu. Sisi tukabaki na jasho, halafu tunanunua kopo.

Lakini sitaki tumalize kwa kulia. Macho yangu yamelia ya kutosha. Kwanza, dada zangu, acheni kusugua: krimu au mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya macho, kwenye ngozi kavu, ngoja dakika moja, pangusa taratibu. Jaribuni kwanza kidogo nyuma ya sikio au kwenye mkono, mwone kama ngozi inakubali. Pili, msipike krimu ya macho jikoni. Kitu chenye maji ndani kinaota vijidudu upesi, na jicho halina la akiba.

Tatu, hii ni yetu sisi wa agronomia. Tuko na nyuki, tuko na mawese ya Fizi, tuko na wafamasia na wakemia tuliosoma nao auditorium moja. Mkulima anauza bidoni, sisi tunaandika memwari juu ya ile bidoni, na hakuna mwenye anaenda mbele. Galen alikuwa na nta, mafuta, maji na mkono wa kukoroga. Mwaka huu nimeanza na wenzangu wawili, mmoja mfamasia: hatugusi macho bado, tunajaribu pomadi ya mikono tu. Ikishindikana nitawaambia. Ikifaulu pia nitawaambia.