Kutoka Marufuku hadi Miongozo: Uandishi wa Habari za Kujiua nchini Austria, 1978–2010

Hofu kwamba maandishi yanaweza kuchochea watu kujiua haikuanza na magazeti ya kisasa. Mwaka 1774 Goethe alichapisha riwaya kuhusu Werther, kijana anayejiua kwa sababu ya mapenzi. Mwaka uliofuata mamlaka za mji wa Leipzig ziliipiga marufuku. Kwa takribani karne mbili hofu hiyo ilikosa ushahidi wa kitakwimu, hadi mwaka 1974 mwanasosholojia wa Marekani, David Phillips, alipobaini kuwa vifo vya kujiua viliongezeka baada ya habari za aina hiyo kutokea katika ukurasa wa mbele wa gazeti la New York Times kati ya mwaka 1947 na 1968. Hali hiyo aliiita athari ya Werther.

Suala la iwapo athari hiyo ingeweza kuzuiwa lilipata jibu lake mjini Vienna. Treni za chini ya ardhi za mji huo zilizinduliwa mwaka 1978. Kuanzia mwaka 1984 matukio ya kujiua katika njia hizo yaliongezeka, na magazeti yaliyaripoti kwa vichwa vikubwa, picha na maelezo ya kina. Katikati ya mwaka 1987 wataalamu wa kuzuia kujiua wa Austria waliwapa wahariri miongozo. Waliwashauri waepuke ukurasa wa mbele, picha, maelezo ya namna tukio lilivyotendeka, na kukitaja kifo hicho kana kwamba kina sababu moja tu. Hapakuwa na sheria wala adhabu. Wahariri waliridhia kwa hiari. Katika nusu ya pili ya mwaka huo matukio, yakiwamo majaribio, yalipungua kwa zaidi ya asilimia 80 yakilinganishwa na nusu ya kwanza.

Yawezekana kuhoji kuwa kupungua huko kulisadifu tu. Hata hivyo, idadi ilibaki chini katika miaka iliyofuata, ilhali abiria waliendelea kuongezeka. Aidha, uchambuzi wa Niederkrotenthaler na Sonneck uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa vifo vilipungua zaidi katika maeneo ambako magazeti yaliyoshirikiana na wataalamu yalisomwa na watu wengi. Uwiano huo ni vigumu kuuelezea kwa sadfa peke yake.

Pamoja na hayo, miongozo ya 1987 ilijikita katika mambo ya kuepukwa. Mwaka 2010 Niederkrotenthaler na wenzake walibaini kuwa habari zinazomhusu mtu aliyewaza kujiua kisha akapata njia nyingine ya kukabili dhiki yake zilihusiana na kupungua kwa vifo. Waliita hali hiyo athari ya Papageno, kwa jina la mhusika wa opera ya Mozart anayezuiwa kujiua na wavulana watatu wanaomkumbusha kuwa bado ana njia nyingine.

Hivyo basi, historia hii inatofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: kunyamaza na kuwajibika. Leipzig ilinyamazisha kitabu. Vienna haikuyanyamazisha magazeti, bali iliwaachia wahariri uamuzi pamoja na maarifa ya kuufanyia. Mhariri anayeamini kuwa wajibu wake unakoma kwenye ukweli wa habari husahau kuwa miongoni mwa wasomaji wake yumo anayeitafuta sababu ya kuishi hadi kesho.