Nani Alisema Kukua Kunauma?

Kama ulilelewa Magwagwa, au mahali popote ukweni, kuna jibu moja ulipewa usiku. Unaamka saa tano, muundi unauma, nyuma ya goti kunavuta, unalia mpaka nyumba nzima inajua. Asubuhi unakimbia shule kama kawaida na mathe anawaambia majirani, "Achaneni na yeye, anakua." Kesi imefungwa.

Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo usinichukulie kama daktari. Lakini kuuliza ni bure, na swali langu ni hili: nani alisema kukua kunauma? Nywele zinakua. Kucha zinakua. Mtoto anarefuka kwa kasi zaidi mwaka wake wa kwanza kuliko mwaka mwingine wowote wa maisha yake, lakini hii shida ya miguu huanza akiwa na miaka 3 hivi na kuendelea hadi kama 12. Halafu kinakuja kile kipindi ambapo suruali ya shule inakuwa fupi kila muhula, na wengi wao hapo maumivu yameshaisha. Hesabu haikubali kabisa.

Jina lenyewe lina mwenyewe. Mwaka wa 1823 daktari mmoja Mfaransa, Marcel Duchamp, aliandika kuhusu magonjwa ya kukua, na hapo ndipo haya maumivu yakaingia kwa vitabu. (Ukitafuta hilo jina kwa simu utaletewa Marcel Duchamp mwingine, yule msanii aliyepeleka choo cha kukojolea kwa maonyesho New York mwaka wa 1917. Si huyo.) Wazo la daktari lilikuwa rahisi: mtoto anakua, mtoto anaumwa, basi kukua ndiko kunamuuma. Wazo likapendwa, lugha zingine zikalibeba, na sisi tukalipokea likiwa limeshakomaa.

Kisha madaktari wakageuka, wakaenda upande ule mwingine kabisa. Wakati huo homa ya baridi yabisi ilikuwa inaua watoto Ulaya na Marekani. Hii ni homa inayofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa, na ubaya wake ni kwamba inaharibu vali za moyo. Dalili moja ni maumivu ya viungo. Basi mtoto akisema miguu inauma, daktari akawaza moyo. Wazazi wakaonywa kwamba hakuna kitu kama maumivu ya kukua, huo ni ugonjwa wa moyo unabisha hodi. Na tiba ya homa hiyo ilikuwa kitanda. Miezi. Hebu fikiria uko na miaka 7 na unaambiwa ulale mpaka muhula uishe.

Ilichukua mpaka miaka ya 1930 ndipo madaktari wakaanza kutenganisha haya mambo mawili vizuri. Mtoto wa homa ya baridi yabisi anaumwa kwa viungo vyenyewe, vinavimba, anaumwa mpaka mchana. Yule mwingine anaumwa usiku, kwa nyama ya mguu, miguu yote miwili, na asubuhi hana kitu. Mwaka wa 1951 madaktari wawili Waingereza, Naish na Apley, wakaweka vipimo: maumivu yanayokuja na kwenda kwa angalau miezi mitatu, yasiyokaa kwenye viungo, na makali kiasi cha kumvurugia mtoto usingizi. Hawakuona kwamba kukua ndiko kunaleta shida. Na bado jina limebaki, kwa sababu jina likishazoeleka halisikii mtu.

Na si watoto wachache. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka wa 2004 ulikuta asilimia 36.9 ya watoto wa miaka 4 hadi 6 wanayapata. Mmoja kati ya watatu na zaidi. Wengine wanasema ni misuli iliyochoka baada ya siku ya kurukaruka, wengine wanasema ni mtoto anayehisi maumivu haraka kuliko wenzake, wengine wanaangalia vitamini D. Sababu moja ambayo wote wamekubaliana haipo.

Sasa kutuliza. Hapa ndipo nilicheka peke yangu. Mwaka wa 1988 Baxter na Dulberg, watafiti wa Kanada, walichapisha jaribio: wazazi wafundishwe kunyoosha misuli ya mtoto, ya paja mbele na nyuma na ya shavu la mguu, kila siku. Watoto walionyooshwa waliacha kulia usiku mapema kuliko wale walioachwa tu. Ongeza hapo kukanda kwa mkono, joto, na panadol ya mtoto kwa kipimo cha uzito wake siku ikizidi. Hiyo ndiyo orodha yote ambayo daktari wa watoto atakupa leo. Magokoro yangu hakuwahi kusikia kuhusu Kanada, na mambo yake yalikuwa haya: kitambaa kwa maji moto, mafuta kidogo, anakanda kutoka kifundo kupanda juu, anavuta kidole gumba cha mguu kuelekea kwako pole pole mpaka shavu linajinyoosha. Dakika kumi umelala. (Kitu kimoja simkubalii: ile balm kali ya kopo. Ngozi ya mtoto ni laini, na ile kitu ikishika jicho utajua hujui.)

Watu wa nje walishakuja kutuangalia tukilea. Robert na Barbara LeVine, watafiti Wamarekani, walifika Gusii mwaka wa 1955, wakaishi na jamii waliyoipa jina la kubuni, Nyansongo. Miaka ya 1970 Robert akarudi na kikosi kikubwa zaidi, na kitabu kikatoka mwaka wa 1994, kikilinganisha kina mama wa Gusii na kina mama wa Boston. Walichoona ni kwamba mtoto mchanga wa Gusii akilia, mama anamshika. Haraka. Mama wa Boston anamwongelesha, anamchekesha, anamwonyesha vitu. Wa kwetu kazi yake ni mtoto atulie, na chombo chake ni mwili: mgongo, ziwa, mkono. Maneno machache.

Lakini soma mbele kidogo. Ule ushikwaji wote ulikuwa wa mtoto mchanga. Ukishaachishwa kunyonya na mwingine amefika, mama ana shamba, ana kuni, na wewe unakuwa wa omoreri, yule dada au kaka mkubwa wa kukulea, au wa nyanya. Na huo ndio umri ambao miguu huanza kuuma usiku. Nadhani ndiyo sababu wengi wetu tukikumbuka hizo usiku hatukumbuki mikono ya mathe, tunakumbuka ya magokoro. Mama hakukataa. Alikuwa na mtoto mwingine kifuani.

Sasa niambie kitu kizito. "Anakua" ni jibu zuri likiwa ni kweli. Kuna kijana wa boma jirani na letu, sisemi jina, aliambiwa hivyo zahanati moja kwa karibu miaka miwili. Alikuwa anaumwa mchana pia. Macho yalikuwa yanageuka manjano, watu wakasema ni malaria ya mara kwa mara. Alipopimwa damu ikapatikana ni selimundu, ile wengi wanaita sikoseli. Maumivu ya mifupa aliyokuwa akilia nayo ni damu iliyokwama njiani, seli zimejikunja kama mundu, hazipiti kwa mishipa midogo.

Na hapa Kenya hatuna kisingizio, kwa sababu historia ya ugonjwa huo imeandikwa kwa damu ya watu wetu. Anthony Allison alilelewa hapa nchini, upande wa Gilgil. Mwaka wa 1949 alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya, na wenzake wakitafuta mimea na wadudu yeye akatembea akichukua damu. Pwani na kando ya Ziwa Victoria akakuta wanaobeba chembe moja ya selimundu wanapita asilimia 20. Nyanda za juu, chini ya asilimia 1. Akajiuliza ni nini kiko huko chini kisichokuwa huku juu. Mbu. Mwaka wa 1954 akachapisha jibu: ukirithi hiyo chembe kutoka kwa mzazi mmoja, inakukinga na malaria kali. Ukiirithi kutoka kwa wote wawili, unaugua. Baba na mama wote wakiwa wanaibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa.

Sasa angalia Magwagwa iko wapi. Sisi ni watu wa mlima, majani chai na baridi ya asubuhi, lakini ukiteremka uko Sondu, na ukivuka kidogo uko Nyakach, joto la ziwa. Kwa ramani ya Allison tuko pale rangi inapobadilika. Na watu hawaishi ndani ya rangi. Wanakutana sokoni, wanaoana, wanahamia kwa wakwe. Ile imani kwamba "huo ugonjwa si wa huku" ndiyo ilimnyima yule kijana kipimo kwa miaka miwili, na kipimo chenyewe ni damu kidogo tu.

Kwa hivyo ukiwa ndiye omoreri wa nyumba yenu leo, na najua wengi wenu ndio, kanda mguu. Ukikanda, angalia. Mtoto wa maumivu ya kawaida anapenda kukandwa, anasukuma mguu kwako. Mwenye ugonjwa wa kweli mara nyingi hataki hata uguse. Mguu mmoja tu unaouma kila siku, kuchechemea asubuhi, kiungo kilichovimba au chekundu, homa, kukonda, macho ya manjano, vidole vya mikono na miguu vilivyovimba kwa mtoto mdogo: hapo weka mafuta chini, amsha mathe, muende hospitali, na mkifika ombeni damu ipimwe selimundu kwa jina lake. Wakiwaambia anakua, ombeni tena.