Wakili akila fidia yako, nani atakulipa?

Kisa hiki hakikosekani barazani. Mtu kagongwa na matatu, kaweka wakili, kesi imekwisha, kampuni ya bima imelipa, na mwenye mguu uliovunjika hajaona hata thumni. Pesa ziliingia akaunti ya wakili zikaishia huko huko. Mara nyingine ni arubuni ya shamba. Wanaonijia huuliza nikashtaki wapi, na nitalipwa? Ni maswali mawili, na majibu yake hayafanani.

Pa kushtaki papo. Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyoanzishwa 1989 chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, hupokea malalamiko bila malipo. Kosa likiwa zito, shauri huenda kwa Jopo la Nidhamu. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Mawakili kinaliruhusu jopo hilo kumsimamisha wakili kazi hadi miaka 5, kumfuta katika orodha ya mawakili, kumtoza faini isiyozidi shilingi milioni 1, na kumwamuru amlipe aliyedhulumiwa fidia isiyozidi shilingi milioni 5.

Milioni 5 si haba. Lakini anayeamriwa kulipa ni yule yule aliyekula. Ikiwa ameshafunga ofisi na hana mali inayoonekana, wewe umeshinda na mfuko wako bado mtupu.

Wenzetu wengine waliliona pengo hili zamani. New Zealand ilianzisha mfuko wa kufidia wateja tangu 1929. Ninaoupenda kuutolea mfano ni wa jimbo la New York, Marekani, ulioundwa 1981. Mawakili wote huchangia kupitia ada yao ya usajili, kwa hivyo waaminifu ndio wanaowalipia wezi. Wapo wanaonung'unika, nami siwalaumu, ila mteja hana kosa zaidi yao.

Wanaoamua madai ni wadhamini 7 wasiolipwa mshahara, na miongoni mwao wamo wasio mawakili. Hawaulizi kama wakili alikuwa hodari. Kesi iliyopotea kwa uzembe haiwahusu, wala ugomvi wa ada. Wanachotafuta ni wizi: je, huyu alikuwa wakili wako kweli, pesa zilimfikia kwa kazi hiyo ya uwakili, na alizichukua kwa hila? Ukimkopesha wakili pesa kwa urafiki asirudishe, hilo ni deni lenu. Kiwango cha juu kwa mteja ni dola 400,000, na dai lapaswa kufika ndani ya miaka 2. Tena malipo ni hiari ya wadhamini. Hakuna anayeweza kuyadai kama mshahara. Na wakili anayekusaidia kuandika dai haruhusiwi kukutoza bila idhini yao.

Kuna kanuni yao nyingine ambayo ningeitamani hapa Mombasa kesho asubuhi. Kampuni ya bima ikituma fidia ya dola 5,000 au zaidi kwa wakili, lazima imwarifu na mteja mwenyewe. Wengi wetu hujua bima imelipa baada ya mwaka mzima, tena kwa uvumi.

Kwa sasa, hapa kwetu, ushahidi ndio mwamuzi. Usitie sahihi ile fomu ya bima ya kukubali malipo bila kubaki na nakala, na uisome kiasi kilichoandikwa. Ukiambiwa bado hawajalipa, iandikie kampuni ya bima barua uulize tarehe na kiasi. Weka risiti, ujumbe wa M-Pesa, nambari ya kesi na makubaliano ya ada. Ukienda kwenye Tume na maneno matupu, wakili atajibu kwamba pesa zote zilikuwa ada yake, na utakuwa huna cha kumpinga.