Diwali ya Leicester ilitoka Jinja

Oktoba 2025 wakazi wa Leicester, katikati ya Uingereza, walisherehekea Diwali bila jukwaa la burudani na bila fataki. Wahusika wa usalama walisema umati wa Belgrave Road, barabara ya sherehe hizo, umekuwa mkubwa mno. Taa za barabarani zilibaki, lakini maneno yakawa mengi: kuna walioona busara na kuna waliohisi wamepunjwa sikukuu yao.

Hayo watayamaliza wenyewe. Kinachoniuma mimi ni kwamba huku kwetu tunaitazama sherehe ile kama jambo la India na Uingereza, ilhali sehemu kubwa yake ilipakiwa kwenye masanduku Jinja, Kampala, Kisumu na Dar es Salaam.

Sura za mwanzo zinajulikana. Wafanyabiashara wa Kigujarati walivuka bahari kwa pepo za msimu kwa karne nyingi. Ujenzi wa reli ya Uganda kuanzia 1896 ukaleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, wengi wao wakarudi makwao, na maduka yakaifuata reli hadi bara.

Aliyenisimulia yaliyofuata ni mama mmoja mzaliwa wa Jinja, sasa mstaafu huko Leicester. Baba yake aliuza vitambaa. Diwali ilipokaribia, nyumba nzima ilinukia samli, ladu zikifinyangwa na chevda ikikaangwa. Yeye na dada zake walisokota tambi za pamba na kupanga vitaa vya udongo kwenye baraza ya duka. Jioni yenyewe baba alitoa daftari jipya la hesabu, jalada jekundu, akalitia alama kwa unga mwekundu na kuliweka mbele ya picha ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, liombewe, kwa kuwa kwa wafanyabiashara wa Kigujarati Diwali hufunga mwaka wa hesabu. Kesho yake, Mwaka Mpya, watoto waliinama kugusa miguu ya wazee, wakapewa shilingi moja moja, kisha wakatumwa na sinia za ladu kwa majirani Wasoga.

Diwali yao ya mwisho Jinja ilikuwa Oktoba 1971. Daftari lililofunguliwa jioni ile halikufika mwisho. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza waondoke ndani ya siku 90, na kila familia ikaruhusiwa kutoka na pauni 50 hivi.

Hapo ndipo mama huyu hupandisha sauti. Tarehe 15 Septemba 1972, watu wakiwa kwenye foleni za viza na chanjo, gazeti la Uganda Argus lilitoa tangazo lililolipiwa na halmashauri ya jiji la Leicester. Liliwaeleza Waasia wa Uganda kwamba hali ya jiji si ile waliyoikuta wenzao waliotangulia. Maelfu ya familia zilikuwa zikisubiri nyumba, mamia ya watoto walikosa nafasi shuleni, na huduma za jamii na afya zilikuwa zimeelemewa. Kwa faida yao na ya familia zao, wakaambiwa, wasije Leicester. Baba yake alilisoma kwa sauti juu ya kaunta, mteja akiwa bado amesimama na mita zake za kitambaa.

Watetezi wa halmashauri husema uhaba wa nyumba ulikuwa wa kweli. Ni kweli. Lakini jiji halinunui nafasi katika gazeti la nchi nyingine kwa sababu ya uhaba wa nyumba peke yake. Katika Leicester ya miaka ile chama cha National Front kilikuwa kikivuna kura kwa kuwatisha watu juu ya wageni, na viongozi waliogopa. Familia zilizokuwa zikihesabu siku za kufukuzwa zikaambiwa na jiji lisilowahi kuziona kwamba hazitakiwi.

Tangazo lilileta kinyume chake. Wengi walikuwa hawajawahi kulisikia jina la Leicester. Sasa wakajua kwamba kuna jiji ambako wenzao, hasa waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, tayari wamejikita. Maelfu walikwenda.

Mwaka huo Diwali iliangukia 5 Novemba, siku tatu kabla ya muda wa Amin kwisha. Familia ya msimulizi wangu ilikuwa Stradishall, kituo cha zamani cha jeshi la anga kilichogeuzwa kambi ya kuwapokea. Samli hakuna, mama yake alilowesha utambi mmoja katika siagi ya kantini, ndani ya kifuniko cha kopo. Nje fataki zikalia. Kumbe ni Waingereza, ambao kila 5 Novemba hukumbuka njama ya 1605 ya kulipua Bunge lao. Watoto wakakimbilia dirishani wakiamini kuna mtu anayejua sikukuu yao.

Huko Leicester, mtaa wa Belgrave ulikuwa na nyumba za bei nafuu na kazi za viwandani, soksi na viatu na mashine za kuchapa. Mwaka 1974 wafanyakazi Waasia wa Imperial Typewriters, kiwanda cha mashine hizo, waligoma wakidai haki sawa. Kuanzia 1983 taa za Diwali zikawa zinawashwa Belgrave Road, na leo makumi ya maelfu huja kuziona, wakipita maduka ya sari na dhahabu na mikahawa inayouza muhogo wa kukaanga. Mwaka 2022 makumbusho ya jiji yaliandaa maonyesho ya miaka 50 tangu Waasia kufukuzwa Uganda.

Pale lilipoondolewa jukwaa, mimi ningeomba lisimamishwe tangazo la Uganda Argus, neno kwa neno, kwa Kiingereza, Kigujarati na Kiswahili, na nakala nyingine iwekwe Jinja.