Sarafu Moja na Sheria Chache: Habari za Michezo ya Video ya Zamani

Mchezo ni jambo dogo machoni pa watu wengi, lakini mwenye kuandika habari za wanadamu hawezi kuupita bila ya kuutazama. Akili za watu huonekana sokoni na vitani, na tabia zao huonekana mchezoni. Maana mchezoni mtu hutii sheria ambazo hapana askari wa kumshurutisha kuzitii. Kwa sababu hii nataka kueleza habari za michezo ya video iliyochezwa kwa sarafu, iliyoenea kutoka Marekani na Japani katika miaka ya 1970 na 1980, na kuuliza kwa nini ingali ikipendwa na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ilipotungwa. Jibu nitakalolitetea ni kuwa michezo ile imedumu kwa ajili ya haki iliyokuwamo ndani yake, na kwamba haki hiyo ilizaliwa na umaskini wa mashine zenyewe.

Asili yake ilikuwa chuoni. Mwaka 1962 Steve Russell na wenzake, katika chuo cha MIT huko Marekani, walikamilisha mchezo wa vyombo viwili vinavyopigana angani, wakauita Spacewar!. Kompyuta walioitumia haikuwa mali ya mtu wa kawaida kununua, kwa hiyo mchezo ulibaki kuwa anasa ya wanazuoni. Mwaka 1971 Nolan Bushnell na Ted Dabney waliupeleka mfano wake madukani na vilabuni kwa jina la Computer Space, lakini haukupata wapenzi wengi, kwa kuwa uendeshaji wake uliwatatiza watu. Mwaka uliofuata kampuni yao, Atari, ilitoa Pong, iliyotengenezwa na Allan Alcorn: mistari miwili, nukta moja, na amri ya kuipiga nukta isikupite. Ni wajibu kukumbuka kuwa Ralph Baer alikuwa ametangulia kubuni mchezo wa namna hiyo kwa ajili ya televisheni za nyumbani. Mashine ya kwanza ya Pong iliwekwa katika kilabu cha pombe mjini Sunnyvale, California. Alcorn amesimulia kuwa aliitwa kuitengeneza kwa kuwa imeharibika. Alipoifungua alikuta ugonjwa wake ni shibe: sarafu zilikuwa zimejaa hata pa kuingia nyingine hapakuwapo.

Tofauti ya Computer Space na Pong ni somo la kwanza. Mchezo wa pili haukuwa na mambo mengi kuliko wa kwanza; ulikuwa na machache. Mtu aliyesimama kando kwa dakika moja aliweza kuzijua sheria zake zote, akatia sarafu yake akiwa sawa na mwenyeji.

Somo la pili lilitoka Japani. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito alitoa Space Invaders. Maadui 55, safu 5 za maadui 11, hushuka polepole kumwelekea mchezaji mwenye mzinga mmoja. Mashine yake ilikuwa dhaifu: haikuweza kuwasogeza maadui wote kwa pamoja, ila mmoja mmoja kwa zamu. Basi kila adui alipouawa kazi ya mashine ilipungua, na waliosalia wakaenda mbio zaidi, hata yule wa mwisho akawa kama mshale. Nishikado hakuwa amelipanga jambo hili. Alilikuta limetokea, akaona linafaa, akaliacha. Hivyo upungufu wa chombo ukawa roho ya mchezo: kadiri mtu akaribiavyo kushinda ndivyo hatari inavyozidi. Husimuliwa kuwa Japani iliishiwa na sarafu za yeni 100 kwa ajili ya mchezo huu. Hadithi hiyo ni tamu, lakini haijathibitishwa, na mwanahistoria aiache kwa wasimulizi.

Msomaji wa tenzi hatalistaajabia jambo hili. Mshairi aliyefungwa na mizani 8 katika kipande hatupi neno ovyo. Kila neno alilolibakiza limepita katika tundu la sindano. Watungaji wa michezo ile nao walifungwa na kumbukumbu ndogo, rangi chache na sauti chache. Hawakuwa na nafasi ya pambo, kwa hiyo walilazimika kubaki na kiini.

Kiini hicho nilikifahamu kwa kufundishwa na aliye mdogo kwangu. Siku moja mwanafunzi wangu alinipa simu yake nijaribu Pac-Man, mchezo uliotungwa na Toru Iwatani wa kampuni ya Namco mwaka 1980. Mchezaji huongoza kinywa cha manjano katika mzingile, akila nukta 244 huku akifukuzwa na vizuka vinne. Nilikamatwa mara tatu kabla ya dakika mbili kwisha, nikasema kuwa vizuka vile havina mpango wala huruma. Kijana akacheka kwa adabu, akasema, "Huruma hawana, Mwalimu, lakini mpango wanao. Usiwakimbie tu, wajue."

Alisema kweli. Kizuka chekundu humfuata mchezaji moja kwa moja. Cha waridi hulenga mahali palipo mbele yake, kikamkinga njia. Cha buluu hupiga hesabu kwa kutazama mahali alipo mchezaji na mahali kilipo chekundu. Cha rangi ya chungwa hufukuza kikiwa mbali, na kikikaribia hurudi pembeni. Hata vinapobadilika rangi na kuzurura kwa hofu, upotevu wao huongozwa na hesabu ileile, kiasi kwamba mchezaji akirudia nyendo zake bila ya kosa, navyo hurudia zao. Kila kinachoonekana kuwa bahati ni sheria ambayo mtu hajaisoma. Hapo ndipo ilipo haki niliyoitaja: aliyeshindwa hawezi kulaumu kete wala hakimu, hurudi kwa nafsi yake, akajua alipokosea, akatamani kurudia. Kushindwa kwa namna hiyo hakumdhalilishi mtu, bali humfundisha.

Wakubwa wa zama zile hawakuliona jambo hili. Mwaka 1981 mbunge George Foulkes alileta katika Bunge la Uingereza pendekezo la kuzipa halmashauri mamlaka ya kuzidhibiti mashine hizi, nalo likashindwa kwa kura 114 dhidi ya 94. Mwaka huohuo serikali ya Ufilipino ilizipiga marufuku. Mwaka 1982 shauri la mji wa Mesquite, Texas, uliowazuia watoto wa chini ya miaka 17 kucheza bila ya wazazi wao, lilifika katika Mahakama Kuu ya Marekani. Tusiwacheke watu hawa. Waliona watoto wakimaliza fedha ya chakula mbele ya kioo, na hofu yao ilikuwa ya mzazi. Wala wenye mashine hawakuwa watawa. Ugumu wa mchezo ulikusudiwa kumtoa mchezaji upesi ili sarafu nyingine iingie.

Hata hivyo, mfanyabiashara yule alikuwa na mpaka ambao hakuuvuka. Sarafu ilinunua mlango, haikununua ushindi. Mwana wa tajiri na mwana wa mchukuzi walipewa maisha matatu yaleyale na vizuka vilevile. Mpaka huo ulianza kubomoka mapema: katika Gauntlet, mchezo wa Atari Games wa mwaka 1985, aliyetia sarafu nyingine aliongezewa nguvu palepale alipokuwa akifa. Leo mingi ya michezo ya simu huuza nguvu, muda na silaha, na asiye na fedha hungoja au hushindwa. Sarafu iliyokuwa mlangoni imeingia uwanjani. Naamini wengi wanaoirudia michezo ya zamani hawafuati ukumbusho wa utoto, kwa kuwa utoto wao haukuwa na mashine zile. Wanatafuta uwanja ambao mfuko hauna sauti.

Mashine zenyewe zinakufa. Vioo vyake vilikuwa vya kichogo, kama vile vya televisheni za zamani, na viwanda vimeacha kuvitengeneza. Lakini mwaka 1997 Nicola Salmoria wa Italia alianzisha MAME, programu inayoiwezesha kompyuta ya kawaida kuiga mashine za sarafu, ili maandiko yake yasipotee pamoja na mbao zake. Mwaka 2012 jumba la sanaa la MoMA, New York, liliiweka Pac-Man katika hazina yake.

Pac-Man haina mwisho uliotungwa. Mchezaji hodari akifika hatua ya 256, hesabu ya mashine hufurika, na nusu ya kioo hujaa herufi zilizovurugika ambamo nukta zote haziwezi kuliwa. Pale mashine hushindwa kutimiza sheria zake yenyewe. Lakini kwa hatua 255 zilizotangulia ilimtendea kila aliyeijia kwa kipimo kimoja, bila ya kumwuliza jina wala kabila wala mali. Ahadi kama hiyo wanadamu wameiandika mara nyingi katika sheria zao, na mara nyingi wameivunja kabla ya kufika hatua ya pili. Si ajabu, basi, kama mtu aliyechoka kwa kuonewa mchana kutwa hukaa jioni mbele ya vizuka vinne, akatendewa haki.