Bustani ya Kisauni Haifuati Jua la London

Ushawahi kufuata vidio ya bustani ya Uingereza ukiwa Kisauni? Mie nimefuata. Jamaa kasema bustani ielekee kusini, jua lote liko huko. Nikapanga miche ya sukuma kusini mwa ukuta, kivuli hata cha dawa hakuna. Ilikuwa Januari. Wiki mbili tu, miche imekauka kama dagaa. Na pesa ya miche alitoa mamangu.

Yule jamaa hakudanganya. London iko mbali kaskazini mwa ikweta, kwa hivyo jua lao la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Mombasa iko digrii 4 tu kusini mwa ikweta, na kwetu jua linahama. Toka katikati ya Machi hadi mwanzo wa Oktoba, adhuhuri liko kaskazini. Miezi iliyobaki liko kusini. Hujui kaskazini ni wapi? Angalia kibla ya msikiti wa mtaani kwako. Kutoka hapa, Makka iko karibu kaskazini kabisa.

Sasa historia, manake somo hili lilishafundishwa hapahapa Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianza kazi 1954, kikachimba mawe ya matumbawe mpaka ardhi ikabaki uwanja mweupe, hauna udongo, hauna kivuli. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, akaanza kupanda miti mle shimoni. Alijaribu aina 26. Nyingi zilikufa. Mvinje ukasimama, ukaleta kivuli. Majani yake yalikuwa hayaozi kirahisi, akaleta majongoo wakayatafuna, udongo ukaanza kupatikana. Ndipo miti mingine ikaweza kuishi. Leo ndiyo Haller Park, ile tuliyopelekwa na shule kuona viboko na twiga.

Tulipiga picha na twiga. Mvinje hatukuuliza.

Mie naona huku Pwani kutafuta jua ni kupoteza wakati, jua lipo tu. Kabla hujachimba, jiulize kivuli kitaanguka wapi, saa ngapi, mwezi gani.

Nimehamishia sukuma mashariki mwa nyumba. Asubuhi zinapata jua, alasiri ukuta unazikinga. Mama kanunua miche tena, hakusema kitu. Safari hii sina vidio ya kulaumu.