Madaftari Sita

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo niliifundisha darasani kwa miaka mingi, nikiwaeleza vijana kwamba hakuna chombo kilichojichonga chenyewe. Wao waliandika, mimi nikasahihisha. Lakini, ndugu msomaji, kufundisha jambo si kulijua. Methali ile nimekuja kuielewa uzeeni, nikiwa nimepiga magoti katika banda la gari nyumbani kwangu hapa Tukuyu, mikono imejaa oili.

Gari ninalolizungumzia ni Land Rover ya Series III, ile ndefu ambayo madereva waliiita mia na tisa kwa kuwa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109. Lilikuwa gari la shule ya sekondari niliyokuwa mkuu wake kuanzia mwaka 1981 hadi 1996. Enzi zake lilikuwa la kijani, lenye namba za serikali zinazoanza na ST. Nililikuta mwaka 2018 katikati ya migomba huko Busokelo, kuku wakitaga ndani yake. Mwenye shamba alikuwa amelinunua kwa mtu aliyelinunua mnadani, na sasa alitaka kuwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilimlipa bei hiyo hiyo, nikalivuta kwa trekta hadi nyumbani. Mke wangu alilizunguka mara moja, akaniuliza kama tumepata banda jipya la kuku.

Historia ya magari haya inafaa kusimuliwa, maana imeingiliana na yetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales. Kazi za shamba alizifanya kwa jipu la Kimarekani lililobaki vitani. Alipoona kwamba jipu likichakaa hakuna gari la Kiingereza la kushika nafasi yake, akaamua kuunda la kwake. Wakati ule chuma kilipatikana kwa mgawo, lakini alumini, iliyokuwa ikitumika kuundia ndege za kivita, ilikuwa rahisi kupatikana. Ndiyo sababu Land Rover ikawa na bodi ya alumini juu ya chesisi ya chuma. Gari la kwanza lilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948.

Haukupita muda mrefu, yakafika Tanganyika. Bwana Shauri alikuja nalo kudai kodi, na baada ya Uhuru wakubwa wetu wenyewe walikuja nalo kuhimiza maendeleo. Daktari, bwana shamba na mkaguzi wa shule, wote walishuka kutoka gari la namna moja. Mtoto wa Rungwe aliyesikia mlio ule ukipanda mlima alijua serikali inakuja. Siku za Operesheni Vijiji, katika miaka ya 1970, si kila aliyeusikia alifurahi.

Kwa mazingira yetu gari hili lilifaa. Hapa Tukuyu mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, na mwezi wa Aprili njia ya udongo ya kwenda Mwakaleli huwa kama sabuni iliyoloweshwa. Dereva husukuma chini kitasa cha njano ili magurudumu yote manne yavute, na njia ikizidi ubaya huvuta mkono mwekundu apate gia za nguvu. Lakini mvua hiyo hiyo ndiyo adui yake. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu havipatani. Alumini hugeuka unga mweupe, na chuma huliwa na kutu. Land Rover iliyolala miaka ishirini mvuani ukiitazama kwa mbali utadhani ni nzima, kwa sababu bodi yake haishiki kutu. Uozo uko chini, kwenye chesisi, inayobeba kila kitu na ambayo hakuna mtu anayeitazama.

Shule yetu ilikuwa na dereva mmoja. Tulimwita Dereva, kana kwamba wazazi wake hawakumpa jina, na hapa pia sitalitaja, kwa kuwa familia yake ipo. Nilimkuta kazini. Yeye ndiye aliyeleta mchele kutoka Kyela na mishahara kutoka Mbeya, na ndiye aliyeamshwa usiku mwanafunzi alipozidiwa na homa. Alisoma hadi darasa la nne. Ufundi hakufundishwa na mtu, ila hatukuwahi kumwita fundi mwingine.

Vijana wa leo ni vigumu kuifikiria hali ya mwanzo wa miaka ya 1980. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda mwaka 1973 na tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata Idi Amin akatuvamia. Vita vilipokwisha, Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Miezi ilipita, mikanda ikabaki imefungwa. Sabuni na sukari zilikuwa za foleni. Magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kuokoa petroli. Spea zilihitaji fedha za kigeni, na nchi haikuwa nazo. Madaftari niliyapokea kwa kuhesabu na kuyagawa kwa kuhesabu, na mwanafunzi aliandika masomo mawili katika daftari moja, somo moja kuanzia mbele na jingine kuanzia nyuma.

Machi 1983 serikali, ikiongozwa katika jambo hilo na Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na Bunge likapitisha sheria yake mwaka huo huo. Wengi wetu tuliifurahia. Tulikuwa tumechoka kuona bidhaa zikifichwa na wachache. Lakini msako ule ulitufundisha pia kutazamana kwa jicho la mashaka, na kila mwenye bohari, hata la shule, alitaka lake lionekane safi.

Mwezi wa Juni mwaka ule tulihesabu bohari tukakuta madaftari sita yamepungua. Mtunza bohari alisema aliyeingia humo mara ya mwisho ni Dereva. Nikamwita ofisini. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Madaftari yako wapi?" nilimwuliza.

"Yapo kwenye gari, Mkuu."

Nilituma watu wawili wakapekue. Wakainua viti, wakafungua sanduku la spana, wakatazama nyuma ya gurudumu la akiba. Hawakuona kitu. Nilimwuliza mara ya pili, naye akanijibu neno lile lile kwa sauti ile ile. Niliona ananifanyia dhihaka mbele ya wadogo zangu kazini. Nikamwandikia barua ya onyo, nakala moja yake, moja ya jalada lake, na moja ya ofisi ya elimu mkoani. Aliisaini, akanishukuru, akaenda kuosha gari.

Barua ile ilikaa kwenye jalada zaidi ya miaka kumi bila kumdhuru mtu. Kisha, katikati ya miaka ya 1990, serikali ikawa inapunguza watumishi wake, kama wakopeshaji wa nje walivyotaka. Nami nilitakiwa kupendekeza majina mawili kati ya watumishi wasio walimu. Gari lenyewe lilikuwa limesimama juu ya mawe kwa miaka miwili, serikali ikiwa sasa inapendelea Toyota. Nilipopitia majalada nilikuta moja tu lenye barua ya onyo. Kazi yangu ikawa rahisi. Nakiri kwamba nilishukuru kuiona barua ile, maana iliniokoa na kufikiri. Siku ya kuondoka, Dereva alinikabidhi funguo za gari lisilotembea, amezifunga katika kitambaa kisafi. Alifariki mwaka 2005, na mazishini nilitoa rambirambi kama mkubwa wake wa zamani.

Nataka niseme kweli. Gari sikulinunua kwa ajili yake. Nilikwisha kustaafu utumishi mwaka 2010, watoto wangu wametawanyika, na mimi nilitamani kuwa na kitu cha siku zangu za nguvu. Fundi wa kuchomelea niliyempata mjini alikuwa mtoto wake wa kiume. Tukuyu ni mji mdogo. Alinisalimu kwa heshima, akaniita Mwalimu, na hatukuzungumza habari za baba yake.

Tulianza na chesisi. Nusu ya nyuma ilikuwa imeoza kiasi kwamba bisibisi ilipenya kama kwenye ndizi mbivu. Tulikata, tukachomelea vipande vipya, tukapaka rangi ya kuzuia kutu. Kwenye springi tulikuta jani moja lililotoka kwenye lori, limekatwa na kupindwa likae sawa. Kijana aliligusa akasema, "Hili la mzee." Mabomba ya breki tuliyabadilisha yote. Kazi hiyo ilituchukua miaka miwili, maana tulifanya pale nilipopata fedha na yeye alipopata nafasi.

Agosti 2021 tukafikia injini, ya lita mbili na robo, silinda nne za petroli. Tulifungua kifuniko cha ubavuni. Kati ya kifuniko na injini lazima kuwe na gasketi, karatasi ngumu ya kuzuia oili isivuje. Iliyotoka pale haikuwa ya kiwandani. Ilikuwa imekatwa kwa mkono, ikifuata ukingo wa kifuniko na matundu ya bolti, kwa ustadi ambao ungempendeza mwalimu yeyote wa jiometri. Niliifuta kwa kitambaa ili niitupe, nikaona tarakimu. Saba mara sita, arobaini na mbili. Saba mara saba, arobaini na tisa. Lilikuwa jedwali la kuzidisha, lile linalochapwa nyuma ya jalada la daftari.

Tukafungua pampu ya maji, nako kulikuwa na daftari. Chini ya kabureta, daftari. Vipande nilivipanga juu ya meza. Vingine vilikuwa vimekwisha kuwa tope, kwa hiyo sikuweza kuhakikisha kama vilitimia majalada sita. Sikuhitaji kuhakikisha. Nilikaa juu ya tairi kuukuu, nikasikia tena sauti yake mlangoni. Yapo kwenye gari, Mkuu.

Ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, spea ziliweza kupatikana kwa magendo. Kama angekwenda kununua huko, hapo ndipo angekuwa mhujumu kwelikweli. Yeye aliona gari la shule linavuja, akachukua kilichokuwa cha shule akazibia. Gari likaendelea kuleta mchele na kupeleka wagonjwa kwa miaka mingi mingine, nami nikiwa nimekaa kiti cha mbele juu ya madaftari niliyokuwa nimeyatafuta.

Siku ile nilimweleza kijana habari yote, pamoja na ile ya majina mawili. Alisikiliza huku akisafisha kabureta. Mwishowe alisema, "Na kurasa za ndani, Mwalimu, alituletea sisi. Nilikuwa darasa la kwanza. Ndizo nilizoandikia." Kisha akaniomba spana namba kumi na mbili. Nimelifikiria sana jibu lake. Angeweza kulinyamazia, baba yake akabaki safi kabisa machoni pangu. Alichagua kuniambia lote, jambo ambalo mimi sikumwezesha baba yake kulifanya.

Land Rover ya mwisho ya ukoo huu ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016, na tangu hapo wapenzi wake wameongezeka badala ya kupungua. Oktoba 2024 wenye magari hayo walikusanyika Arusha kwa tamasha kubwa, na mwanangu alinishawishi twende. Letu lilikuwa tayari, la kijani kama zamani, gasketi zote za dukani kutoka Dar es Salaam. Lakini safari yake ya kwanza nilikwisha kuipanga. Tulikwenda Mwakaleli, kwa mjane wa Dereva. Mtoto wake aliendesha, nami nilikaa pembeni na bahasha mapajani.

Nilimpa mama yule vile vipande, nikamweleza vilivyopatikana na nilivyotenda, nikamwomba radhi. Alipokea kwa mikono miwili. "Ndaga," alisema, na kwa muda mrefu akawa anavitazama, akipitisha kidole kwenye matundu ya bolti.

"Lakini alikuambia, Mwalimu," alisema.

Nilijibu kwamba ni kweli, aliniambia. Akanyamaza, kisha akaagiza tuletewe maziwa ya mgando na ndizi, tukala.

Ofisi ile ya mkoa haiwezi leo kuifuta barua ya mwaka 1983, na hata ikifutwa aliyeandikiwa hayupo. Nimeandika habari hii humu kwa sababu moja tu. Onyo langu lilikuwa na nakala tatu, na jibu lake, ambalo lilikuwa la kweli, halikuandikwa popote. Sasa limeandikwa.